Mshipa umebana asilimia 35 tu, mbona ripoti inasema plaki ya hatari?

Swali la msomaji:

Assalaam aleikum daktari. Nina miaka 53, mzaliwa wa Tanga, ni mhasibu hapa Maskati. Kaka yangu wa tumbo moja alifariki ghafla mwaka jana akiwa na miaka 51. Usiku ule alilalamika gesi na kifua kujaa, akanywa soda ya tangawizi, akaenda kulala, hakuamka. Baada ya arobaini nikapima moyo kwa bima ya kazini. Ripoti inasema kalsiamu 142, mshipa mkuu wa mbele umebana asilimia 35, na chini imeandikwa CAD-RADS 2/P2/HRP. Daktari mmoja ameniambia sina kizuizi cha maana, nirudi baada ya mwaka. Mwingine amesema nina plaki ya hatari. Ndugu wanataka kuchanga nipelekwe India nikawekewe stenti. Presha ni 148 kwa 92, LDL 4.1, sukari ya miezi mitatu 6.1. Sigara niliacha, shisha navuta Ijumaa na wenzangu. Kifua hakiniumi, ngazi za ghorofa nne napanda bila kutweta. Nianze wapi? Na wadogo zangu wanne nao wapige hiyo picha?

Jibu:

Waaleikumu salaam, ndugu yangu, na pole sana kwa msiba. Kumpoteza kaka kwa namna ile, jioni mmeagana na asubuhi mnaitwa, si jambo la kuisha kwa arobaini. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ule mstari wa mwisho wa ripoti nimeukalia zaidi, kwa sababu nusu ya maswali yako imejibiwa mle mle.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa maelezo haya huhitaji kwenda India na huhitaji stenti. Lakini ushauri wa kurudi baada ya mwaka mmoja siuungi mkono hata kidogo. Unahitaji dawa, na unahitaji kuzianza wiki hii. Madaktari wako wawili wamesoma picha moja: mmoja ametazama njia inayopita damu, mwingine ametazama ukuta wa mshipa. Ugonjwa wako uko ukutani.

Wengi tunaufikiria mshipa wa moyo kama bomba la maji. Uchafu unajaa mwaka hadi mwaka, njia inakuwa nyembamba, siku moja bomba linaziba. Ukifikiri hivyo, asilimia 35 ni habari njema, maana njia kubwa bado iko wazi. Ila mshipa ni nyama hai. Kolesteroli ya LDL inayosafiri kwenye damu hupenya ndani ya ukuta wake, na hupenya kwa urahisi zaidi pale ambapo presha, moshi na sukari vimeuchosha. Seli za kinga huja kuyameza mafuta hayo, hushiba kupita kiasi, hufia humo humo. Kinachobaki ni rojo ya mafuta na mabaki ya seli. Rojo hiyo inafanana na uji, ambao kwa Kigiriki cha kale uliitwa athere. Neno hilo la uji ndilo lililomo katika jina la kitaalamu la ugonjwa, atherosklerosisi. Juu ya huo uji mwili hushona ngozi ya nyuzi kuufunika. Uji pamoja na ngozi yake ndiyo plaki.

Sasa fikiria jipu. Lililokauka likawa kovu gumu unaweza kuishi nalo miaka, hata likiwa kubwa. Jipu bichi lenye ngozi nyembamba ni jambo jingine, hata likiwa dogo. Plaki ikipasuka, ule uji hukutana na damu. Damu huona hapo pana jeraha, na kazi yake ni kuganda ili kuliziba. Ukijikata kidole, kuganda huko kunakuokoa. Ndani ya mshipa wenye upana wa milimita tatu au nne kunafunga njia nzima kwa muda mfupi, na nyama ya moyo iliyo mbele ya kizibo huanza kufa kwa kukosa hewa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Wataalamu waliochunguza mioyo ya watu waliokufa ghafla wamekuta kwamba ngozi ya plaki iliyopasuka kwa kawaida haifikii unene wa mikroni 65. Huo ni kama unene wa unywele mmoja wa kichwani.

Hapa ndipo panapowapoteza watu wengi, wakiwemo wenye elimu. Plaki zinazobana kidogo ni nyingi kuliko zinazobana sana, na kwa wingi wao huo ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya mishtuko. Ndiyo maana mtu anapanda ngazi Jumatatu bila shida na Alhamisi tunamzika. Mshipa haukumnyima damu wakati wa kupanda ngazi, kwa hiyo haukumpa dalili yoyote.

Tena mshipa una tabia ya kuficha. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walipima mishipa ya mioyo 136 ya marehemu, wakagundua kwamba plaki inapokua, mshipa hutanuka kwa nje ili kulinda njia ya damu. Njia ilianza kupungua pale tu plaki ilipochukua takriban asilimia 40 ya eneo la mshipa. Kwa hiyo mtu anayesubiri mshipa ubane ndipo aanze kutibu ameanza safari wakati wenzake wanakaribia kufika.

Turudi kwenye ripoti yako. CAD-RADS ni lugha ya madaktari wa picha ya kuandika ripoti za mishipa ya moyo. Namba 2 maana yake mshipa uliobana zaidi umebana kati ya asilimia 25 na 49. P2 inasema kiasi cha plaki ulichonacho kwa jumla ni cha wastani. HRP ndiyo herufi tatu zilizowagawanya madaktari wako: ni alama ya plaki yenye sura ya hatari, na msomaji wa picha huruhusiwa kuiandika pale tu anapoona angalau dalili mbili kati ya nne.

Dalili ya kwanza ni mshipa kutanuka kwa nje mahali palipo na plaki, lile alilolieleza Glagov. Ya pili ni doa jeusi ndani ya plaki. Mashine ya CT, ile iliyokupiga picha, hukipa kila kitu namba kulingana na uzito wake: maji ni sifuri, mafuta ni chini ya sifuri, chokaa huanzia 130 kwenda juu. Plaki yenye sehemu ya chini ya 30 ina uji mwingi ndani. Ya tatu ni chembe ndogo ndogo za chokaa zilizotawanyika, ndogo kuliko punje ya mchele. Ya nne ni pete: ukikata plaki kwa upana unaona kiini cheusi kimezungukwa na ukingo unaong'aa. Ripoti kamili inapaswa kutaja umekutwa na zipi kati ya hizo. Iombe, na omba na picha zenyewe kwenye diski, ni haki yako. Siku ukirudi Tanzania daktari wa hapa azione kwa macho yake asitegemee muhtasari.

Najua ulivyolala kwenye ile meza. Umepewa kidonge cha kupunguza mapigo, ukapuliziwa dawa chini ya ulimi, ukaambiwa vuta pumzi, ishike. Dawa ya rangi ikaingia mkononi na joto likashuka mwilini mpaka ukahisi kama umejikojolea. Watu hutoka pale na hofu, wanadhani kuna kilichoharibika. Hakuna. Joto lile ni la dawa tu, na ndiyo iliyotuwezesha kuona plaki laini. Kipimo cha kalsiamu peke yake, kile cha dakika chache bila sindano, huona chokaa tu.

Na hiyo namba 142? Mfumo wake ulibuniwa na Arthur Agatston na wenzake mwaka 1990. Chokaa kwenye mshipa ni kama makovu: inatuambia vita vimepiganwa hapo kwa miaka. Katika utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa MESA, uliohusisha watu weupe, weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na wenye asili ya Uchina, majibu ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba wenye namba kati ya 101 na 300 walikuwa na hatari ya tukio la moyo zaidi ya mara saba wakilinganishwa na wenye sifuri. Kwa hiyo hata zile herufi HRP zisingekuwepo, 142 peke yake, kwa umri wako na kwa LDL yako, ingetosha mimi kukuandikia dawa.

Sasa naomba usome aya hii taratibu, maana sipendi kumwacha mtu na hofu isiyo na kipimo. Plaki ya hatari si hukumu. Katika utafiti wa PROMISE, uliofanyika Amerika Kaskazini, watu 4,415 wenye maumivu ya kifua au dalili zinazofanana walichunguzwa kwa picha kama yako. Waliokuwa na plaki ya hatari, asilimia 6.4 walipata tukio kubwa, yaani kifo, mshtuko wa moyo au maumivu ya kulazwa, ndani ya takriban miaka miwili. Wasiokuwa nayo ni asilimia 2.4. Tofauti hiyo ni kubwa na inatisha, lakini ihesabu na upande wa pili: kati ya watu mia wenye picha ya hatari, zaidi ya 93 hawakupata chochote katika muda huo. Wewe hata maumivu huna. Muda wa kutibu upo. Ninachokataa ni kuutupa.

Kuhusu India, nawaheshimu sana ndugu zako. Familia inayokubali kuchanga baada ya kuzika ni familia yenye upendo. Lakini stenti ni kijibomba cha waya kinachofungua mahali pamoja. Mtu anayepata mshtuko sasa hivi, stenti humwokoa maisha, hilo halina mjadala. Kwa mtu aliyetulia ni habari nyingine. Utafiti wa ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020, uliwachukua watu 5,179 wenye ugonjwa mzito kuliko wako. Nusu walipelekwa kwenye stenti au upasuaji mapema, nusu wakaanza na dawa peke yake. Baada ya miaka zaidi ya mitatu, vifo na mishtuko havikutofautiana kwa maana. Waliofaidika na stenti ni waliokuwa na maumivu ya kifua, maana yalipungua. Wewe huna maumivu ya kupunguzwa.

Huenda mtu akakutumia habari za utafiti wa PREVENT wa mwaka 2024, ulioongozwa kutoka Korea Kusini, ambamo stenti iliyowekwa kwenye plaki laini kabla ya balaa ilipunguza matukio. Ni utafiti mzuri na naufuatilia. Ila watu wale mishipa yao ilibana kwa zaidi ya asilimia 50, na plaki zao zilithibitishwa kwa kamera inayoingizwa ndani ya mshipa wenyewe. Hali yako si hiyo. Na siku ikitokea ukahitaji stenti kweli, si lazima upande ndege kwenda mbali. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili inaziweka. Mchango wa ndugu uwekwe. Utanunua dawa za miaka mingi.

Dawa ya kwanza ni statini. Hapa tupige hesabu pamoja, wewe ni mhasibu utaipenda. LDL yako ni milimoli 4.1 kwa lita. Statini ya nguvu, mfano atorvastatini miligramu 40 au 80, au rosuvastatini 20, hushusha LDL kwa karibu nusu: unabaki na 2.05 hivi. Kwa mtu mwenye plaki kama yako nataka iwe chini ya 1.8, na ikishuka kufika 1.4 nafurahi zaidi. Kwa hiyo tunaongeza ezetimibe miligramu 10, inayozuia kolesteroli isifyonzwe tumboni, nayo huondoa kama sehemu moja ya tano ya kilichobaki. Tunafika 1.6. Umeshusha uniti mbili na nusu. Uchambuzi wa majaribio mengi ya statini ulionyesha kwamba kila uniti moja inayoshuka hupunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 22, na punguzo hujirudia juu ya kinachobaki. Ukizidisha vizuri utaona unakaribia kupunguza hatari yako kwa nusu, kwa vidonge viwili vinavyomezwa na chai. Sijui uwekezaji mwingine wenye faida hiyo.

Na kuna jingine linalokuhusu wewe hasa. Statini huushusha uji na kuifanya ngozi ya plaki iwe nene. Jipu bichi linageuka kovu. Kwa sababu hiyo usirudie kipimo cha kalsiamu mwakani kuangalia kama umepona. Plaki inapokomaa na kukauka huongeza chokaa, namba inaweza kupanda mpaka 170 au 200, nawe ukaacha dawa ukisema haifanyi kazi wakati inafanya kazi yake barabara. Kinachofuatiliwa ni LDL: pima kabla ya kuanza, kisha baada ya wiki sita mpaka kumi na mbili, pamoja na vimeng'enya vya ini.

Utasikia mengi kuhusu statini kwenye makundi ya simu. Maumivu ya misuli yapo, siyafichi. Lakini katika jaribio la SAMSON la Uingereza, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa, kwa miezi iliyopangwa kwa bahati nasibu, statini, kidonge kisicho na dawa, au kutomeza chochote. Asilimia 90 ya usumbufu waliouhisi kwenye statini waliuhisi pia kwenye kidonge kitupu. Maumivu waliyasikia kweli. Chanzo ndicho hakikuwa dawa. Yakikupata, usiache kimyakimya. Sema, tubadilishe aina au kipimo. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama kahawa na misuli imelegea, hapo simamisha na uende hospitali siku hiyo hiyo, ingawa hilo ni nadra sana.

Aspirini ndogo usijianzishie. Inaweza kukufaa, lakini inatoa damu tumboni, na mtu mwenye presha ya 148 ambayo haijatibiwa ana hatari ya kuvuja damu kichwani. Presha ishuke kwanza, daktari akuulize habari za vidonda vya tumbo, ndipo muamue.

Presha yenyewe: nunua mashine ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Pima asubuhi na jioni kwa siku saba, umekaa, mgongo umeegemea, miguu chini, bila kahawa nusu saa kabla. Andika zote, hata zile mbaya. Nataka uwe chini ya 130 kwa 80. Kuhusu dawa ipi, tunao ushahidi wa kwetu: utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba kwa watu weusi mchanganyiko wenye amlodipini ulishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio nayo. Mwonyeshe daktari wako wa huko. Nyongeza ya dawa ni chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima kwa vyakula vyote, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate, achari na supu za pakiti.

Shisha ya Ijumaa iache. Sikuombi upunguze. Nikotini ni ile ile, moshi ni ule ule, na makaa yanaongeza sumu ya kaboni monoksaidi inayomnyang'anya moyo hewa. Wenzako wataelewa, waambie umemzika kaka.

Sukari yako ya 6.1 bado si kisukari, iko kwenye uzio wake. Ukipunguza kilo tano na kutembea nusu saa kwa siku tano za wiki inaweza kurudi nyuma. Kwenye chakula siandiki orodha ndefu, kwa kuwa mwenye orodha ndefu huacha zote. Vitatu tu: sukari ya kwenye chai na soda, vya kukaangwa kwenye mafuta yaliyorudiwa rudiwa, na tui zito. Najua kumwambia mtu wa Tanga aache nazi ni kumwambia aache kwao. Usiache. Tui la pili, jembamba, kwenye mchicha au samaki mara mbili kwa wiki si ugomvi wangu. Ugomvi ni tui la kwanza kwenye wali, maharage, na mchuzi, siku moja. Mafuta ya nazi yanapandisha LDL, hata yakiitwa ya asili. Maharage, kunde na samaki ongeza. Kitunguu saumu kula kwa ladha, hakiwezi kufanya kazi ya statini.

Wapo watakaokuambia huu ni ugonjwa wa wazungu, kwamba mababu zetu hawakuujua. Hilo la mababu lina ukweli ndani yake. Mwaka 1960 ilichapishwa kazi iliyolinganisha maiti 632 zilizopasuliwa Uganda na nyingine 632 za mji wa St. Louis, Marekani. Kule St. Louis walikuta makovu au majeraha ya mshtuko wa moyo kwa watu 136. Uganda walimkuta mmoja. Damu ya Kiafrika haina kinga maalumu. Maisha ndiyo yaliyokuwa tofauti. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, katika nchi 52 zikiwemo za Afrika, ulikuta vihatarishi tisa, kuanzia sigara, kolesteroli, presha, kisukari na kitambi, vinaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa kwanza kwa wanaume. Nihesabu vyako? LDL, presha, shisha, na sukari iliyo mlangoni. Vyote vinatibika. Cha kurithi hakibadiliki, ndiyo, lakini hicho nacho kina kipimo chake: omba upimwe mara moja tu maishani mafuta yanayoitwa lipoprotini ndogo a. Hurithiwa, kwa watu wenye asili ya Afrika huwa juu zaidi, na yakikutwa juu kwako yanaweza kueleza kilichompata kaka.

Kuhusu usiku ule wa kaka, sitaki familia ijilaumu. Kifua kujaa na gesi ndivyo moyo unavyosema kwa watu wengi, hasa wenye kisukari na wanawake, na karibu kila mtu wetu hufikiria vidonda vya tumbo kwanza. Ila ninyi mliobaki mjue. Kifua kikibana kama umewekewa gunia la mchele, au mzigo ukapanda kooni, tayani, ukashuka mkono wa kushoto, jasho jembamba likatoka ukiwa umekaa, ikapita dakika kumi haijaachia, usinywe soda na usilale. Huko Oman piga 9999. Tafuna aspirini miligramu 300 kama huna mzio nayo na hujakatazwa, usiendeshe gari mwenyewe, na ukifika mlangoni useme kwa sauti: ninahisi ni moyo, nipimeni ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Kipimo hicho kinatakiwa kifanyike ndani ya dakika kumi tangu ufike. Mwambie na mke wako, maana siku hiyo ni yeye atakayepiga simu.

Sasa wadogo zako. Si wote wanaohitaji picha, na kwa hakika si kwa kuanzia. Kwa kuwa kaka yenu amefariki kabla ya miaka 55, kila mmoja wao, wa kike na wa kiume, ahesabiwe ana historia ya familia, apime presha, kolesteroli kamili na sukari mwezi huu. Vipimo hivyo vipo hata hospitali nyingi za wilaya. Atakayekutwa na LDL ya 4.9 au zaidi, au kisukari baada ya miaka 40, aanze dawa bila kusubiri picha. Picha haitabadilisha uamuzi. Atakayekuwa katikati, amepita miaka 40, namba si nzuri si mbaya, huyo ndiye kipimo cha kalsiamu kinamsaidia. Akipata mia na zaidi, dawa. Akipata sifuri ni habari njema sana, ingawa isiwe leseni: utafiti wa SCAPIS wa Sweden uliwapiga picha kamili watu zaidi ya 25,000 wa miaka 50 hadi 64, na kati ya waliokuwa na kalsiamu sifuri, asilimia 5.5 walikutwa na plaki hata hivyo, ile laini isiyo na chokaa. Mwenye maumivu ya kifua asifarijiwe na sifuri, amwone daktari.

Hukuandika umri wao wala nani kati yao anavuta. Anayevuta ndiye aanze kupima, hata kama ndiye kitinda mimba. Nitumie namba zao na zako za wiki ya nane, LDL na yale maandishi ya presha ya siku saba, tuone kama ezetimibe inatosha au tuongeze.